Reubeni alikuta shimo tupu



Nilipoingia kidato cha kwanza katika seminari ndogo, tuliitwa njuka. Kaka zetu wa madarasa ya juu walituchotesha maji, tukawafulia nguo, na usiku walimwamsha waliyemtaka. Mara nyingi walimtaka mwenzetu mmoja, mdogo wa umbo, mwenye kigugumizi. Walimsimamisha juu ya sanduku lake la bati wakamwamuru ahubiri, na bweni zima likacheka. Nami nilicheka. Sikumgusa hata siku moja. Nilicheka, kisha nikajifunika blanketi nikimshukuru Mungu kwamba si mimi. Likizo ya Pasaka alikwenda kwao na sanduku lile, hakurudi tena. Baba Gombera alituuliza kama tunajua sababu. Tulinyamaza.

Humkumbuka kila nisomapo kitabu cha Mwanzo, sura ya 37. Ndugu zake Yosefu walipotaka kumwua, Reubeni, mzaliwa wa kwanza, alimwonea huruma. Aliwashauri wamtumbukize shimoni wasimwage damu, huku akikusudia kumtoa baadaye na kumrudisha kwa baba yao. Nia yake ilikuwa njema. Lakini hakusimama mbele ya wenzake aseme kwamba huyu ni ndugu yetu, mwacheni. Wakaketi kula, mtoto yuko shimoni. Reubeni aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Yosefu alikwisha kuuzwa. Akararua mavazi yake. Miaka kama 20 baadaye, huko Misri, ndugu hao bado walikumbuka jinsi alivyowasihi nao wasimsikilize.

Huruma ya kificho huchelewa.

Mpendwa mzazi, huenda mwanao haonei wala haonewi. Watoto wengi wako pale nilipokuwa mimi, chini ya blanketi. Hao wana nguvu kuliko wanavyodhani, maana mwonevu hutafuta watazamaji. Kicheko kikikatika, mchezo wake hupoa. Basi mtoto akirudi likizo, usimwulize tu amekuwa wa ngapi. Mwulize: nani hula peke yake? Nani anaogopa usiku ukiingia? Na wewe ulimfanyia nini? Mfundishe kwamba kumchongea mtu ni kumtafutia adhabu, na kutoa taarifa ni kumtafutia mwenzako usalama. Hatumtumi akapigane. Akae naye mezani, amsindikize kwa mwalimu, na akimpata rafiki mmoja wa kusimama naye, waseme pamoja, "Mwacheni."

Naye akikuletea habari za namna hiyo, usimjibu kwamba hata sisi tulipitia hayo na tukawa watu. Wako waliopitia hayo wakaacha shule. Nenda ukaonane na walimu, hata kama anayeonewa si mtoto wako.

Katika Misa, tunapoungama mwanzoni, hatuishii kwenye mawazo, maneno na vitendo. Tunataja pia wajibu ambao hatukuutimiza. Kila nikifika hapo, namwona kijana yule juu ya sanduku lake, akihangaika na neno lisilotoka, nasi tukicheka. Sikupata nafasi ya kumwomba msamaha. Shule zikifunguliwa, mwanao atapata nafasi ambayo mimi niliiacha ipite. Zungumza naye leo, mkitoka kanisani.

Dominika njema.