Koa hakuogopa diploma yangu: namna ya kulinda okidi ndani ya sere



Nilipomaliza lisansi ya agronomia, diploma ilikuwa ndani ya bahasha, kazi hakuna. Mama mmoja wa hapa Bukavu akaniita nimuangalilie sere yake, ni kusema ile nyumba ya plastiki ya kulimia maua. Ndani mlikuwa na okidi 60 za aina ya Phalaenopsis, zile zenye maua mapana sawa kipepeo, watu wa ndoa wanazipenda sana. Mapatano yalikuwa hivi: mshahara wa mwezi hakuna, lakini kila shina la maua likiuzwa, niko na sehemu yangu. Komande ya ndoa moja ilikuwa tayari imefika: mashina 20. Avansi ilikuwa imelipwa.

Wiki tano mbele ya ndoa nikaona ncha za mashina zimekatika na vichipukizi vimetobolewa. Mimi, haraka haraka, nikasema ni kuvu. Nikatumia dola 15 za mama kununua dawa ya kuvu, nikapuliza mara mbili. Mashina yakaendelea kukatika.

Mzee anayelinda kiwanja usiku njo aliniambia: «Injenia, ugonjwa hauna meno. Kuja saa nne ya usiku na toshi.»

Nilienda. Kwa saa moja nikaokota makoa 37. Mengine yalikuwa yamelala juu ya shina lenyewe, yanakula polepole kama mtu asiye na deni. Tulikuwa tumekwisha kupoteza mashina 12, na shina la Phalaenopsis linachukua karibu miezi mitatu toka kuchipuka mpaka maua kufunguka. Wiki tano hazikutosha kurekebisha kitu. Mama akarudisha sehemu ya avansi. Hakunigombeza hata kidogo, na ile kimya yake njo iliniuma zaidi.

Basi hii hapa ni ile masomo niliyolipia.

Kwanza, umujue adui. Koa ni ndugu ya konokono, ila yeye hana nyumba mgongoni. Wengi huku wanamuita limasi. Mwili wake ni maji mengi, kwa hiyo anaogopa jua na hewa kavu. Mchana anajificha, usiku anatoka. Mdomoni ana ulimi wenye meno madogo maelfu, anakwangua sawa tupa. Tena kila koa ni dume na jike kwa wakati mmoja, ni kusema kila mmoja unayemuacha anaweza kutaga. Mayai yake ni vidonge vidogo vyeupe vinavyopitisha mwanga, vimekusanyika pahali penye unyevu.

Sasa fikiri sere ya okidi: joto la kadiri, unyevu siku zote, hakuna ndege wa kuwinda, na vyungu vimejaa vipande vya maganda ya miti vyenye nafasi katikati. Kwa koa ile ni hoteli. Na hapa kwetu mvua inanyesha toka mwezi wa tisa mpaka wa tano, basi hata inje ya sere hakosi njia ya kutembea.

Pili, ujue kutofautisha. Kuvu mara nyingi inaleta madoa ya kahawia ao meusi yanayopanuka, pengine yamezungukwa na rangi ya manjano. Koa anaacha shimo safi, bila doa pembeni, na asubuhi unaona njia ya ute uliokauka, inang'aa. Ncha za mizizi pia anazikula, kwa hiyo angalia mpaka ndani ya chungu. Kama una mashaka, usinunue dawa. Rudi usiku na toshi.

Tatu, kazi yenyewe. Nilifanya hivi:

1. Kumwagilia asubuhi, si jioni. Usiku ukiingia, juu ya meza na vyungu pamekauka, koa anapata taabu kutembea.

2. Kuondoa maficho. Majani yaliyokufa, mbao za chini, vyungu vitupu, vyote inje. Kila chungu kinainuliwa na kuangaliwa chini, kwenye matundu ya maji. Pale njo wanalala.

3. Kutenga meza. Miguu ya meza inasimama ndani ya bakuli zenye maji, na hakuna jani linalogusa ukuta. Jani moja likigusa, umewajengea daraja.

4. Mitego. Kipande cha kiazi ao jani la saladi, unaweka jioni chini ya ubao mdogo, asubuhi unakusanya. Bia kidogo ndani ya kisahani pia inawavuta, juu ya harufu ya chachu.

5. Kurudia. Siku moja haitoshi, kwa sababu mayai yataanguliwa kisha majuma kadhaa. Nilienda usiku mara tatu kwa juma, miezi miwili mizima.

Chumvi musitie. Ni kweli inaua koa, lakini inachoma pia mizizi ya okidi. Maganda ya mayai na utepe wa shaba, watu wanavisifu sana. Royal Horticultural Society ya Uingereza ilivijaribu kwenye saladi, na mwaka 2018 ikatangaza kwamba havikupunguza uharibifu.

Na kahawa, sisi watu wa Kivu? Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii, Marekani, waliandika katika jarida la Nature kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 mpaka 2 yanaua makoa na konokono. Lakini kahawa ya kikombe, kwa kawaida, haifiki hata asilimia 0.1. Kwa hiyo mabaki ya kahawa ya nyumbani musiyahesabu kama dawa.

Kama dawa ni lazima, tafuta chambo cha fosfati ya chuma: koa akikila anaacha kula, kisha anakufa. Metaldehidi inaua pia, lakini ni sumu kwa mbwa, ndege na watoto. Uingereza ilikataza kuitumia inje toka mwaka 2022. Kwa kiwanja chenye watoto wanaocheza, mimi siigusi.

Neno la mwisho. Okidi za porini, sawa zile za milima yetu, musiende kuzing'oa ili kujaza sere. Jamii yote ya okidi iko ndani ya orodha za mkataba wa CITES, na inchi yetu ni mwanachama.

Msimu uliofuata tulitoa mashina 18 kati ya 20. Dola 15 nilizirudisha kwa mama kutoka sehemu yangu ya kwanza. Yule mzee wa zamu nilimununulia toshi mpya, juu ile ya zamani nilikuwa nimeimaliza betri.

Chuo kilinifundisha majina ya magonjwa. Hakikunikataza kutoka usiku kuangalia. Mimi mwenyewe njo nilidhani diploma inatosha. Wewe uliye bado unaandika memware, mbele ya kusema jina la ugonjwa, uliza kwanza yule anayelala karibu na shamba ameona nini.