Shamba Ng'ambo ya Lhubiriha

Mto Lhubiriha, unaoteremka kutoka Milima ya Rwenzori hadi Ziwa Edward, ndio mpaka wa Uganda na Kongo upande wa Bwera, wilayani Kasese. Waingereza na Wabelgiji walikubaliana hivyo mwaka 1910, na ndugu wakajikuta chini ya serikali mbili: huku Uganda wanaitwa Wakonzo, kule Kongo Wanande. Ndoa, mazishi na soko la mpakani la Mpondwe havikujali mpaka. Mirathi nayo iliendelea kuvuka mto, na hapo ndipo kesi zinapozaliwa.

Tuseme mzee wa Bwera amefariki, ameacha shamba la kahawa nyumbani na jingine Kasindi, upande wa Kongo. Watoto wa mke mkubwa wako Uganda, wa mke mdogo wako Kongo. Wakikosana, kila upande hukimbilia mahakama yake, na huenda zikatoka hukumu mbili juu ya urithi mmoja. Uganda ilirithi kanuni ya Kiingereza, iliyothibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1893, kwamba mahakama haiamui nani mwenye ardhi iliyo nchi nyingine. Kesi ya shamba la Kasindi hufunguliwa Kongo. Hata wito wa shahidi uliotolewa Kasese hauna nguvu ukishavuka daraja.

Sheria zenyewe hazifanani. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhi ni mali ya wananchi, na inatambua umiliki wa kimila. Kongo, kwa sheria ya 1973, ardhi yote ni ya dola, raia hupewa haki ya kuitumia. Haki za wanaolima ardhi ya kimila ziliachiwa amri ya Rais ambayo kwa miongo mingi haikutolewa.

Fundo gumu kuliko yote ni uraia. Asiye raia wa Uganda haruhusiwi kumiliki ardhi kwa kudumu. Anaweza tu kukodishiwa kwa muda usiozidi miaka 99. Uganda inakubali uraia pacha, lakini Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Kijana wa Kasindi anayetafuta kitambulisho cha Uganda ili alinde shamba la babake Bwera anahatarisha haki zake kwao. Ni dhuluma kwa mtu ambaye kosa lake ni kuzaliwa ukingo wa pili.

Ushahidi nao ni dhaifu. Ardhi nyingi ya Bwera haina hati miliki. Mara nyingi mnunuzi ana karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono, yenye alama za dole gumba za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1). Mpaka wa shamba ni mstari wa masale, na jirani anayekumbuka nani aliyapanda. Jirani huyo akikimbia vita, ushahidi umeondoka naye. Waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe Novemba 1996, watu waliacha mashamba. Na sheria ya Uganda inampa mwenye ardhi miaka 12 tu ya kudai mahakamani.

Kwingineko hukumu huvuka mpaka. Cyprus imegawanyika tangu 1974. Mahakama ya Nicosia iliwaamuru wanandoa wa Kiingereza kubomoa nyumba waliyojenga kaskazini, kwenye ardhi ya Mgiriki wa Cyprus aliyefukuzwa na vita, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Uingereza iitambue hukumu hiyo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja, kifungu cha 15, inaiachia kila nchi sheria zake za ardhi.

Kwa hiyo familia yenye mashamba pande mbili hufungua mirathi mara mbili. Uganda, huanzia kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha mahakamani kuomba barua za usimamizi. Kongo, hufuata Kanuni ya Familia ya 1987. Wazee wa ukoo wanaweza kuwapatanisha warithi kwanza, na makubaliano yakaandikwa nakala mbili, moja mbele ya LC1, nyingine mbele ya chifu wa Kasindi. Karatasi hizo si hukumu, ila kila mahakama inaweza kuzipokea kama kielelezo.