Kupanga Njia za Magari Pale Kivuko Kisipokuwa na Uhakika: Mfano wa Usambazaji wa Chanjo Kisaka, Mkoa wa Mara

Tatizo la kupanga njia za magari lilielezwa kwa mara ya kwanza kwa lugha ya hisabati na George Dantzig na John Ramser mwaka 1959. Walikuwa wakishughulikia malori ya petroli yanayotoka katika ghala moja kwenda vituo vingi vya mafuta. Swali lao lilikuwa jepesi kutamka: kila kituo kipate mahitaji yake, lori lisizidishiwe mzigo, na jumla ya kilomita iwe ndogo iwezekanavyo. Kulijibu ndiko kugumu. Gari moja likiwa na vituo 10 vya kupitia, mpangilio wa kuvifuata unaweza kuwa wa aina 3,628,800. Vikifika 15, idadi inapita trilioni moja. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hutumia mbinu za ukadiriaji, ambazo hutoa jibu zuri kwa muda mfupi bila kuahidi kwamba ndilo bora kuliko yote.

Iliyo maarufu zaidi kati ya hizo ni mbinu ya akiba ya Clarke na Wright, iliyochapishwa mwaka 1964. Wazo lake hata karani wa ghala hulielewa mara moja. Anza kwa kudhani kwamba kila kituo kinapelekewa gari lake, linalokwenda na kurudi. Kisha uliza: nikiviunganisha vituo viwili katika safari moja, nitaokoa kilomita ngapi? Akiba ni umbali wa bohari hadi kituo cha kwanza, ukijumlishwa na wa bohari hadi cha pili, ukatolewa umbali uliopo kati ya vituo hivyo viwili. Jozi yenye akiba kubwa huunganishwa kwanza, na kazi huendelea hivyo mpaka gari lijae au muda uishe.

Makala haya yanahoji nini hutokea kwa mbinu hii inapohamishiwa katika kata ya Kisaka, Wilaya ya Serengeti, na maeneo jirani. Mto Mara, unaoanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, unaitenga Serengeti upande wa kusini na Tarime upande wa kaskazini. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Gari la chanjo linalotoka Mugumu, makao makuu ya wilaya, hutumia barabara za aina zote mbili, na ni katika hizi za pili ambapo udongo mweusi wa mfinyanzi na vivuko vya zege vinavyofunikwa na maji hufanya ramani ya Januari isiwe ramani ya Aprili.

Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Zikiwa njiani hutegemea masanduku ya ubaridi na vipande vya barafu. Sanduku halijazwi na mahitaji ya zahanati mbili au tatu, kwa hiyo ukubwa wa mzigo, uliowashughulisha sana Dantzig na Ramser, hapa hauna uzito mkubwa. Kinachobana ni saa.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu zilizochaguliwa kwa ajili ya hesabu tu. Zahanati A iko kilomita 40 kutoka bohari ya wilaya, zahanati B iko kilomita 36, na kati yao kuna kilomita 12 zinazokatwa katikati na kivuko cha kijito. Safari mbili tofauti ni kilomita 80 na 72, jumla 152. Safari moja ya mzunguko ni 40, 12 na 36, yaani 88. Akiba ni kilomita 64, na mbinu ya Clarke na Wright itaziunganisha bila kusita.

Sasa kivuko kifungwe. Njia ya kuzunguka kutoka A hadi B ni kilomita 70. Akiba inaporomoka hadi kilomita 6. Dereva asiyejua habari, akafika kivukoni na kulazimika kurudi A kabla ya kuzunguka, atatembea kilomita 158. Tukiuita uwezekano wa kivuko kufungwa p, wastani wa safari ya mzunguko ni 88 + 70p. Wastani huo unafikia 152 pale tu p inapokaribia 0.91. Mpangaji anayetazama kilomita peke yake ataendelea kuunganisha A na B hata kama kivuko hufungwa siku nane kati ya kumi!

Tuongeze saa. Mwendo wa masika uwe kilomita 20 kwa saa, kushusha mzigo dakika 40, na chanjo iwe imefika ndani ya saa 5. Kivuko kikiwa wazi, B inafikiwa baada ya saa 3 na dakika 16. Kikifungwa, gari linafika B likiwa limekwenda kilomita 122, sawa na saa 6 na dakika 46. Hata dereva akianzia B, A itafikiwa baada ya saa 6 na dakika 34. Tukiweka sharti kwamba uwezekano wa kuchelewa usizidi 0.1, mzunguko unakubalika tu ikiwa p haizidi 0.1. Mstari wa uamuzi umehama kutoka 0.91 hadi 0.1, wakati barabara ni zile zile. Kilichobadilika ni jambo tulilokubali kulihesabu. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna mama aliyetembea na mtoto mgongoni siku ya kliniki, akaambiwa arudi wiki ijayo.

Programu nyingi za kompyuta za kupanga njia, kwa maoni yangu, hukosea hapa: hupokea jedwali moja la umbali na kuliamini mwaka mzima. Kwa Kisaka yanahitajika walau majedwali mawili, la kiangazi na la masika, na kila kivuko kipewe p yake kutokana na kumbukumbu za madereva na wahudumu wa zahanati. Kumbukumbu hizo mara nyingi zimo vichwani mwao, hazimo katika daftari lolote, na kuzikusanya ni kazi ya uwandani isiyoweza kurukwa.

Kuna njia ya tatu, na ni ya bei nafuu: simu ya asubuhi kwa mtu anayeishi karibu na kivuko. Mpango huwa na matawi mawili. Kivuko kikiwa wazi, gari linazunguka kilomita 88. Kikiwa kimefungwa, zinafanywa safari mbili za jumla ya kilomita 152, na kila zahanati inafikiwa ndani ya saa 2. Kwa p ya 0.3, wastani ni kilomita 107.2. Ukilinganisha na kufanya safari mbili kila mara, simu hiyo inaokoa kilomita 44.8 kwa kila mzunguko bila kulivunja sharti la saa, alimradi maji yasipande baada ya simu kupigwa. Kwa vijito vinavyojazwa na mvua ya hapo hapo, mingu ya asubuhi huashiria hatari hiyo. Kwa Mto Mara wenyewe haitoshi, kwa kuwa maji yake huweza kutoka Mau huku Kisaka kukiwa na jua. P ya maeneo yaliyo kando ya mto haina budi kukadiriwa peke yake.