Maikrokontrola: bei ya chini si lazima iwe nafuu

BEI ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyokamilika ndani ya chipu moja, imeshuka kiasi kwamba mfanyabiashara wa Same anayetaka kuunda vifaa vyake hakwamishwi tena na chipu yenyewe. Gharama imehamia kwingine, na huko ndiko mtaji unakoweza kupotelea.

Tuchukue mfano wa kifaa cha kupima kina cha maji kwenye ndiva. Katika Milima ya Upare wakulima hufunga ndiva jioni ili maji yajae usiku, kisha asubuhi huyafungulia mashambani kwa zamu. Kifaa cha kuwajulisha kwamba maji yamejaa hakihitaji akili nyingi: kinasoma vihisi viwili, kinalala, kinaamka tena baada ya dakika chache. Pini 8 zinatosha. Kuweka chipu yenye WiFi kama ESP32 ni kukodi lori kubebea debe moja, tena betri itaumia.

PMS150C ya Padauk, Taiwan, ilijipatia sifa kwa bei ya senti 3 hivi za dola. Lakini programu yake huandikwa mara moja tu. Ukigundua kosa baada ya kuandika chipu 1,000, zote ni takataka. CH32V003 ya WCH, China, iliyotangazwa 2022 kwa bei ya senti 10 hivi kwa oda kubwa, ina kilobaiti 16 na hufutika. ATtiny85 ya Microchip ina kilobaiti 8 tu, na imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 1.

Hesabu ya haraka ingeitupa hiyo ya mwisho. Hata hivyo, kwa vifaa 50 tofauti haifiki dola 100. ATtiny85 hupatikana ikiwa na miguu mirefu inayokaa kwenye soketi. Ikiungua, fundi redio huichomoa na kupachika nyingine palepale mlimani. Programu yake huandikwa hata kwa bodi ya Arduino. Hizo nyingine mbili kwa kawaida huandikwa kwa kifaa chao maalum, na CH32V003 hulehemiwa juu ya bodi kwa miguu midogo isiyosamehe mkono mzito. Kwa maoni yetu, anayeanza achukue ya ghali. Akifikia vifaa 5,000, senti zinageuka maelfu ya dola, na hapo CH32V003 haina mpinzani.

Kifaa kikitakiwa kutuma ujumbe wa simu, bajeti hubadilika kabisa. Moduli kama SIM800L huweza kuvuta hadi ampia 2 kwa mpigo, hivyo betri, paneli ya jua na kasha lisilopitisha maji vitazidi bei ya chipu mara nyingi.

Uhaba wa 2021 na 2022 ulipandisha bei za chipu dunia nzima na kuchelewesha oda kwa miezi. Kwa hiyo usipokee malipo ya awali ya mteja kabla chipu za oda yake nzima, pamoja na chache za akiba, hazijafika mkononi.