Mwandishi wa Hadithi Darasani

Leo tunasoma juu ya kutunga hadithi.

Mwandishi akitembelea darasa la watu wazima, huulizwa kwanza, "Je, hadithi ya kubuni si uongo?" Mwandishi hujibu kwa mfano. Tazama kitabu cha Shaaban Robert, Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika iko angani. Hakuna aliyepata kuiona. Lakini humo Karama anashtakiwa kwa kuwafundisha watu sheria. Nchi ni ya kubuni, bali dhuluma ni jambo la kweli.

Jambo la pili analofundisha ni kuonyesha. Ukiandika, "Juma alikuwa maskini," msomaji husahau upesi. Andika hivi: "Juma alimpa mtoto chakula chote, akasema yeye ameshiba." Sasa msomaji anauona umaskini wenyewe, naye anataka kujua kesho itakuwaje.

Basi, shika kalamu. Fikiri mtu mmoja anayetaka kitu, na jambo linalomzuia. Andika sentensi tano, kisha msomee mwenzako. Akiuliza, "Halafu?" jua kwamba umeanza kutunga hadithi.