Sufuria Moja, Sahani Sita

Huenda siku moja atafika kwako karani wa Shirika la Taifa la Takwimu, akuulize maswali yanayofanana na ya mpelelezi. Nyumba yako ilitumia unga kiasi gani siku saba zilizopita? Sukari mlinunua ya shilingi ngapi? Maharagwe yalitoka shambani au sokoni? Wakulima wengi hujibu upesi upesi ili mgeni aende zake. Usifanye hivyo, ndugu msomaji, maana majibu hayo yana kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Katika uchunguzi mkubwa wa matumizi ya nyumba, uliofanywa Kenya tangu Septemba 2015 mpaka Agosti 2016, zilichaguliwa nyumba zipatazo 24,000 katika nchi nzima. Kutokana na majibu yao Serikali ilipata kujua ni watu wangapi ambao matumizi yao hayakutosha hata chakula peke yake. Kipimo kilikuwa kalori 2,250 kwa mtu mzima kwa siku. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama vile debe lilivyo kipimo cha mahindi. Kwa bei za wakati ule, chakula hicho kilihitaji Sh. 1,954 kwa mwezi kwa mtu mzima wa mashambani, na Sh. 2,551 kwa mtu wa mjini.

Lakini angalia vizuri. Karani aliandika chakula cha nyumba nzima. Hakuandika sahani ya baba, wala ya mama anyonyeshaye, wala ya mtoto. Basi wataalamu hujuaje alichokula kila mmoja? Hapa ndipo hesabu inapoanza, na mimi niliyefundishwa ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo sitaweza kuiacha ipite bila kuiandika ubaoni.

Tuseme nyumba moja hutumia kilo 14 za unga kwa juma, yaani gorogoro saba hivi. Hizo ni kilo mbili kwa siku. Nyumbani mna baba, mama, nyanya, kijana wa miaka 12, msichana wa miaka 7, na mtoto wa miaka 3. Ukigawa kwa vichwa sita, kila mtu amepata gramu 333. Lakini nani aliyepata kumwona mtoto wa miaka mitatu akila ugali sawasawa na baba yake?

Kwa sababu hiyo watu wa takwimu wa Kenya hutumia mizani nyingine katika hesabu za umaskini. Kila aliyetimiza miaka 15 huhesabiwa kuwa mtu 1. Wa miaka 5 mpaka 14 ni 0.65 ya mtu. Mdogo kuliko hapo ni 0.24, yaani watoto wanne hawajafika mtu mzima mmoja. Nyumba yetu basi si ya watu sita, ila ya watu 4.54. Gawa tena: mtu mzima gramu 440, watoto wakubwa gramu 286 kila mmoja, na mdogo gramu 106.

Sasa iko mizani ya tatu, inayofuata nguvu ambayo mwili wahitaji, kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya la Umoja wa Mataifa. Mwanamume mzima akiwa 1, mama ni kama 0.8, nyanya 0.7, kijana 0.8, msichana 0.55, na yule mdogo kama 0.4. Kwa mizani hiyo mtoto hupata karibu gramu 190.

Umeona? Unga ni ule ule, sufuria ni ile ile, na tumepata majibu matatu juu ya mtoto mmoja: gramu 333, 106 na 190. Mizani ya pili ilitengenezwa kupima umaskini, na kwa kazi hiyo haina kosa. Lakini ukiitumia kupima sahani utapotea. Chukua 0.24 ya kalori 2,250, utapata kalori 540; na mtoto wa miaka mitatu huhitaji kama 1,100.

Ya tatu ndiyo wanayoipendelea wachunguzi wa lishe, nayo ni nzuri, ila inaamini jambo moja kubwa: kwamba katika kila nyumba chakula hugawanywa kwa kadiri ya mahitaji ya kila mtu. Hesabu hugawa kwa haki. Mwiko hauna sheria hiyo. Mtoto aliyeachishwa ziwa juzi hula polepole. Akiwekwa kwenye sinia moja na kaka zake, wao humaliza yeye akiwa bado anapuliza tonge lake. Nyumba hiyo itaandikwa kuwa ina chakula cha kutosha, na kweli inacho, lakini mtoto anapungua uzito.

Makosa huzidi kwa vyakula visivyopikwa kwa wote. Ugali na githeri hukadirika vizuri kidogo, maana kila mtu huonja. Lakini nyama anayokula baba kwenye hoteli ya sokoni haimo katika sufuria, na pombe hainywewi na mtoto, ingawa mizani humgawia hata yeye. Mtoto wa miezi mitano anyonyaye tu hupewa fungu la ugali katika karatasi, na huku mama yake, ambaye kwa kunyonyesha ahitaji nyongeza ya kalori kama 500 kila siku, aweza kuhesabiwa kama mwanamke mwingine yeyote.

Si jambo jipya. Mwaka 1931 Orr na Gilks walichapisha taarifa yao juu ya chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai. Watu wengi hukumbuka tu kwamba Wamasai walikuwa warefu na wazito zaidi kwa sababu ya maziwa na nyama. Lakini katika taarifa ile ile mlikuwa na habari kwamba mwanamke wa Kikuyu hakula sawa na mumewe, maana yeye alikula zaidi mboga za majani. Nyumba moja, vyakula viwili.

Pengine utasema hayo ni mambo ya wenye vitabu. La. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani utiwe vitamini na madini, kama vile chuma na zinki. Ili kujua kitiwe kiasi gani, ni lazima kwanza kukadiria mwanamke au mtoto hula unga gramu ngapi kwa siku. Makadirio yakiwa makubwa mno, kitakachotiwa hakitamfaa mtoto; yakiwa madogo mno, walao sana watazidishiwa. Na unga wa mashine ya posho kijijini kwa kawaida hautiwi kitu. Basi karani akikuuliza unga ulitoka dukani au kwenye mashine, mwambie kwa hakika.

Njia iliyo bora ni kumwuliza kila mtu alikula nini tangu asubuhi ya jana mpaka asubuhi ya leo, au kupima sahani kwa mizani. Ni kazi ya gharama na ya kuchosha, ndiyo maana hufanywa kwa watu wachache. Hata hivyo mama wa nyumba aweza kujipima mwenyewe bila mizani. Kwa wanawake wa miaka 15 mpaka 49 vyakula vimegawanywa mafungu kumi: nafaka na viazi, maharagwe na dengu, njugu na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani mabichi kama sukuma wiki, matunda na mboga za rangi ya manjano kama maembe na karoti, mboga nyingine, na matunda mengine. Hesabu ya jana ikifika mafungu matano, ni dalili njema. Ugali, sukuma wiki na chai ya maziwa ni matatu tu. Ongeza omena na ndizi mbivu.

Na yule mdogo mpe sahani yake peke yake, uone kilichobaki.

Karani ajapo, aitwe anayepika, asijibu baba peke yake. Mtajieni wageni waliokula kwenu juma hilo, vibarua mliowapikia shambani, na mtoto aliye bwenini ambaye hakula nyumbani. Unga uliopewa kuku usiutie katika chakula cha watu. Na kama kipimo chenu ni gorogoro, semeni gorogoro, mkamwonyeshe na kopo lenyewe, maana mengine yamebonyea.