Mguu juu, kazi kiunoni

Aliyefanyiwa upasuaji wa mguu hutoka wodini na maagizo mawili: usiukanyage, na uuweke juu. La kwanza hulishika, maana maumivu yenyewe humkumbusha. La pili humshinda mapema, wala si kwa ukaidi. Maisha ya nyumbani kwetu yamepangwa chini. Jiko la mkaa liko chini, mbuzi ya kukunia nazi iko chini, beseni la kufulia liko chini, wengi hula mkekani, na choo ni cha kuchuchumaa. Ndiyo maana sisi wa fiziotherapia, kabla hatujataja mazoezi, tunaiambia familia ipandishe shughuli za mgonjwa zifike usawa wa kiuno.

“Juu” yenyewe haieleweki vizuri. Mguu uliolazwa kwenye stuli haujawa juu. Uko usawa wa nyonga tu. Unatakiwa uuzidi moyo: mgonjwa alale au aegemee, mito miwili mitatu ikae chini ya kigimbi, na kisigino kielee ili kisipate kidonda cha kulalia. Mguu ukining'inia, majimaji hujikusanya kuzunguka kidonda, ngozi ikavutana na nyuzi, maumivu yakazidi na kupona kukachelewa. Siku 3 za mwanzo ushushwe kwa kwenda chooni na mambo machache yasiyoepukika. Baada ya hapo, hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, bado sehemu kubwa ya siku mguu ukae juu ya mito. Uvimbe wa jioni unaoshuka ukilala unaweza kuendelea kwa miezi. Huo peke yake usikutishe.

Kuna jambo linalovimbisha miguu pengine kuliko jikoni, nalo ni wageni wa kutoa pole. Mgonjwa huona aibu kumpokea mkwe akiwa amelala, tena amemwelekezea unyayo, basi hujikaza akae wima sebuleni mchana kutwa. Kwa maoni yangu heshima hiyo ni ghali mno. Mgeni aliyekuja kukupa pole akukute kitandani au kwenye kochi na mito yako, na wenye nyumba wamweleze mapema kwa nini.

Bafuni ndiko kwenye hatari kubwa ya kuanguka, kwa hiyo tumia akili na fedha kidogo huko kwanza. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi anaweza kutoboa kiti imara cha mbao au cha plastiki kikakaa juu ya tundu. Miguu ya kiti isimame pakavu na palipo sawa, na mtu mzito akijaribu kabla ya mgonjwa. Wakati wa kuoga, ndoo ya maji iwekwe juu ya stuli ili mgonjwa asiiname na kata mkononi. Mguu uliofungwa uvikwe mfuko wa nailoni usio na tundu, ufungwe bila kukaza, kisha uegemezwe juu ya ndoo nyingine iliyofudikizwa, mbali na maji, kwa sababu hakuna mfuko wa kuaminika asilimia mia. Kwa Waislamu, kupangusa kwa maji juu ya bandeji au hogo badala ya kuosha kunaruhusiwa, na kuswali kitini pia. Kwa undani mwulize sheikh wako.

Jikoni tatizo ni mikono, maana yote miwili imeshika magongo. Begi la mgongoni hubeba simu, dawa na matunda. Chai isafiri ndani ya chupa yenye kifuniko. Sufuria ya moto abebe mwingine. Kuchagua mchele kwenye ungo, kuchambua mchicha na kukunja nguo ni kazi za kitandani kabisa, na huwasaidia sana kina mama wasioweza kukaa bure. Ukilazimika kupika, jiko liwe mezani, nawe ukae kwenye kiti kirefu kwa muda mfupi, kisha urudi kulala.

Magongo yapimwe. Juu yaachie nafasi ya vidole viwili vitatu chini ya kwapa, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito uende viganjani. Anayeyaning'inia kwa makwapa huminya mishipa ya fahamu na huweza kupata ganzi mkononi. Kwenye ngazi, kupanda huanza mguu mzima, kushuka hutangulia magongo pamoja na mguu mgonjwa. Kamwe usijaribu ukiwa umevaa dera linaloburuza, na kagua mipira ya chini ya magongo: ikiisha, sakafu yenye maji itakuangusha.

Sasa neno kwa shangazi na majirani wenye huruma. Msimkande kwa maji ya moto wala msimchue kigimbi kwa mafuta. Mguu uliotulia muda mrefu unaweza kuganda damu ndani ya mshipa, na kuuchua kunaweza kuling'oa bonge hilo; likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Mgonjwa achezeshe vidole mara kwa mara, na magoti yote mawili ayakunje na kuyanyoosha, kama daktari hakumkataza.

Ukiona usaha, harufu au homa, au kigimbi kimevimba na kuuma upande mmoja, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mwenye kisukari awahi zaidi. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi na kufa ganzi ndani ya hogo, au ukibanwa kifua au kukosa pumzi, tafuta gari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.